Siku za Mwisho za Likizo: Wajukuu, Wazee na Wanyama wa Nyumbani



Likizo ya mwezi wa Agosti haina siku nyingi. Shule za Kenya zimeugawa mwaka katika mihula mitatu, na likizo hii, ambayo kwa kawaida ni ya majuma mawili au matatu, imewekwa kati ya muhula wa pili na wa tatu. Ikikaribia kwisha, sanduku la chuma hutolewa chini ya kitanda, sare hufuliwa na kupigwa pasi, na wazazi hukaa kitako kuhesabu fedha za karo. Walakini kwa watoto waliokwenda kukaa kwa babu na bibi zao, siku hizo za mwisho ndizo tamu kupita zote. Wamekwisha kuzijua njia za shamba, ng'ombe wamewatambua kwa sauti, na mbwa aliyewabwekea siku ya kwanza sasa huwafuata kila waendako kama askari wa zamu.

Mazungumzo haya yahusu siku hizo chache, na yaelekezwa hasa kwa babu na bibi. Neno lake kubwa ni moja. Mapenzi ya mtoto na mnyama ni jambo jema lipasalo kutunzwa, lakini ndani yake imo hatari moja kubwa, na mtu awezaye kumwokoa mtoto na hatari hiyo mara nyingi ni yule mzee ambaye mtoto hamwogopi.

WAGENI WA MWEZI WA AGOSTI

Wajukuu wanaojaza nyumba za wazee mwezi huo hutoka sehemu mbalimbali. Wengi hutoka mijini, Nairobi, Mombasa, Nakuru au Kisumu, ambako nyumba nyingi za kupanga hazina nafasi ya kuku wala mbuzi. Wengine hutoka mbali zaidi. Huko Uingereza Agosti ni mwezi wa kiangazi, na shule hufungwa kwa muda wa majuma sita hivi, tangu mwisho wa Julai hata mwanzo wa Septemba. Huko Marekani likizo hiyo ya kiangazi hufika majuma kumi au zaidi. Kwa sababu hiyo Wakenya waliohamia nchi hizo kwa kazi au kwa masomo huutumia mwezi huo kuwaleta watoto wao nyumbani wakawaone wazee. Mtoto aliyetoka katika joto la kiangazi hushangaa kuikuta Limuru au Nyahururu imefunikwa na ukungu, na watu wameuzunguka moto jikoni, kwa maana Agosti katika nyanda za juu za Kenya ni mwezi wa baridi. Pwani nako upepo wa kusi ungali ukivuma.

Mtoto aliyezaliwa ugenini mara nyingi hajui lugha ya babu yake. Akisalimiwa hucheka tu; akiulizwa swali humtazama mama yake. Ndipo mnyama huwa mkalimani. Bibi akimpa konzi ya mahindi awamwagie kuku, hahitaji kumfasiria neno. Babu akimshika mkono na kumwonyesha namna ya kumkuna mbuzi shingoni, wote wawili hucheka kicheko kimoja. Kabla juma la kwanza halijakwisha, mtoto amejua kusema kuku, mbuzi, maji na njoo, na lugha imepata mlango wa kuingilia.

DARASA LISILO NA UBAO

Kuna mafunzo ambayo kitabu huyaeleza, lakini mnyama huyaonyesha. Kuku huatamia mayai kwa siku 21. Bibi mwenye busara huzihesabu siku hizo kurudi nyuma, akamlaza kuku wake juu ya mayai mapema, ili vifaranga watoke kabla wajukuu hawajaondoka. Baada ya siku saba hivi za kuatamia, mtoto aweza kuitwa usiku, yai moja likawekwa mbele ya tochi, naye akaona mishipa myembamba ya damu imetandaa ndani yake kama mizizi. Mtoto aliyeona hivyo hataliona tena yai kuwa ni kitu cha kukaangwa tu. Tena hujifunza kungoja. Simu humpa atakacho papo hapo, lakini kuku hana haraka, wala hapana mtu awezaye kumhimiza.

Mbuzi naye hufundisha kungoja kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa hubeba mimba miezi mitano. Mtoto aliyeona beberu akiletwa katika likizo ya Aprili atamkuta mbuzi wake tumbo limemjaa mwezi wa Agosti, na huenda akalazimika kurudi shuleni kabla mbuzi hajazaa. Hapo hutambua kwamba shamba halifuati tarehe za shule, na kwamba ziko furaha ambazo mtu huzipata kwa kuletewa habari tu.

Lililo kubwa kuliko yote ni wajibu. Mnyama akiutegemea mkono wa mtoto, mtoto hujiona mtu mzima. Sungura hula asubuhi na jioni, hata kama mvua inanyesha na mchezo wa mpira umenoga. Akisahauliwa hana sauti ya kulalamika. Hukaa kimya na njaa yake. Mzee asifanye haraka ya kumlisha mwenyewe na kunyamaza, wala asimwache sungura ateseke ili mtoto ajifunze. Amwite mtoto, waende wote wawili mpaka kwenye kibanda, amwonyeshe chombo kitupu, kisha amwache akakate majani mwenyewe. Somo hilo halihitaji kiboko.

Pwani mafunzo hayo yana sura yake. Katika mji wa kale wa Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na mizigo hubebwa na punda, mtoto hukua akimwona punda kuwa mfanyakazi na paka kuwa jirani wa kila mtu. Tangu mwaka wa 1987 pana mahali pa kuwatibia punda mjini humo, palipofunguliwa na shirika la Kiingereza liitwalo Donkey Sanctuary. Babu akimchukua mjukuu wake wakampeleka punda kutibiwa kidonda cha mgongoni, amemfundisha kwamba ambebeaye mtu mzigo ana haki juu ya mtu huyo. Sheria ya nchi nayo, Sura ya 360, imekataza kumpiga mnyama kwa ukatili au kumtwika mzigo kupita nguvu zake.

Waislamu wengi wa pwani, wafuatao madhehebu ya Imamu Shafi, hawaweki mbwa ndani ya nyumba, kwa kuwa mate yake ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hata hivyo mzee huyo huyo humsimulia mjukuu hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Basi mtoto hujifunza mambo mawili pamoja, kuujua mpaka na kuwa na huruma.

JAMBO AMBALO MTOTO HULIFICHA

Hapa ndipo ilipo ile hatari iliyotajwa mwanzoni. Mtoto achezaye na mbwa au paka hukwaruzwa, na mara nyingine huumwa. Mara nyingi amuumaye ni mbwa amjuaye, mbwa wa babu au wa jirani, aliyevutwa mkia, au aliyenyang'anywa mfupa, au aliyesogelewa akiwa na watoto wake. Mtoto ajua kwamba alikatazwa. Huogopa kuchapwa, huogopa pia mbwa ampendaye asije akauawa kwa sababu yake. Basi huvuta soksi juu ya kidonda, akanyamaza. Siku mbili tatu baadaye kidonda kimekauka, sanduku limefungwa, na mtoto amepanda gari kurudi shuleni.

Ikiwa mbwa huyo alikuwa na kichaa, kukauka kwa kidonda si dalili ya kupona. Virusi vya ugonjwa huo vimo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mahali ngozi ilipochanika, kisha hupanda polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa juma moja tu, yaweza hata kufika mwaka. Wakati wote huo mtoto hula, hucheza, hufanya mitihani. Dalili zikianza, yaani homa, kuwashwa mahali pa kidonda, kuogopa maji na kuweweseka, hapana tena dawa; karibu kila mtu aliyefikia hatua hiyo hufa. Na wakati huo mtoto yuko bwenini, mbali na babu na mbali na mbwa, wala mwalimu hana habari yoyote ya kumpa daktari.

Huu si ugonjwa wa hadithi za kale. Katika Kenya uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa aliyepatikana karibu na Nairobi, na mtu wa kwanza kujulikana kuupata alikuwa mwanamke wa upande wa Ziwa Victoria mwaka wa 1928. Yakadiriwa kwamba huua watu wapatao 2,000 nchini kila mwaka, na Shirika la Afya Duniani lakadiria vifo 59,000 hivi kwa mwaka ulimwenguni pote. Katika kila watu kumi wafao kwa ugonjwa huo, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Katika kila watu 100 walioupata, 99 waliambukizwa na mbwa. Watoto huumia zaidi kwa sababu ni wafupi, na nyuso zao ziko karibu na kinywa cha mbwa. Tena kwa sababu hunyamaza.

Mjukuu aliyetoka Uingereza ana hatari ya namna yake. Nchi hiyo ilikiondoa kichaa cha mbwa mwaka wa 1922, hivyo mtoto huyo amekua akiona mbwa wa kila jirani wakipapaswa bila wasiwasi. Akifika sokoni humnyoshea mkono mbwa yeyote amwonaye. Hafanyi hivyo kwa utundu. Ni desturi ya alikokulia. Yampasa mzee amweleze tofauti hiyo, na kama hakumweleza siku ya kwanza, siku ya mwisho haijawa kuchelewa.

KWA NINI BABU NA BIBI

Desturi za makabila mengi ya Kenya zimempa mzee nafasi ambayo mzazi hana. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu wa upande wa baba, na wa pili jina la babu wa upande wa mama. Kwa hiyo babu humwona mjukuu kuwa ni yeye mwenyewe aliyerudi utotoni. Kati yao pana utani usiokuwako kati ya mtoto na baba yake. Baba hulea kwa amri. Babu aweza kulea kwa mzaha. Ndiyo sababu neno ambalo mtoto hathubutu kulitamka mbele ya baba hulitoa jikoni, akiota moto pamoja na bibi, au nyanya kama wengi wa bara wamwitavyo.

Basi nafasi hiyo itumiwe. Jioni moja au mbili kabla ya safari, wakati wa kuoga au wa kupaka mafuta, bibi amtazame mtoto mikono, miguu na uso, kisha amwulize kwa upole. Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

"Mjukuu wangu, mguu huu umepatwa na nini?"

"Ni mwiba, nyanya."

"Mwiba una meno mawili? Njoo karibu na taa. Kuumwa na mbwa si kosa la kuchapwa, ni kidonda cha kuoshwa."

"Nilimnyang'anya mfupa. Nyanya, utamwambia baba?"

"Nitamwambia, kwa kuwa ndiye atakayetupeleka hospitali. Lakini nitamwambia mimi, na hapana mtu atakayekupiga. Kidonda kwanza, maneno baadaye."

"Na mbwa je? Watamwua?"

"Mbwa atafungwa na kutazamwa. Wewe twende kwenye maji."

Bibi wa namna hiyo hakuahidi kuificha siri isiyofaa kufichwa, wala hakumtisha mtoto. Amempa mambo matatu aliyoyahitaji: kwamba hatapigwa, kwamba mbwa hatauawa ovyo, na kwamba yuko mtu mzima wa kumsimamia. Akina baba nao wajue kwamba wakimchapa mtoto baada ya hapo, watakuwa wamelivunja neno la bibi, na safari nyingine mtoto hatasema. Kiboko kimoja chaweza kufunga kinywa kwa miaka mingi.

LA KUFANYA SAA ILE ILE

Kwanza, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Muda huo ni mrefu kuliko wengi wadhanivyo, basi saa itazamwe. Sabuni ya kufulia yafaa kama hapana nyingine. Mkwaruzo mdogo uoshwe vilevile kama kidonda kikubwa. Kisitiwe masizi, wala mafuta ya taa, wala tumbaku, wala majani yaliyotwangwa.

Pili, mtoto apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama ni siku ya kufunga mizigo. Kama kidonda kimekwisha kauka kabla mzee hajakiona, aoshwe na apelekwe vivyo hivyo. Maadamu dalili hazijaanza, kuchelewa kwa siku chache si sababu ya kukata tamaa. Chanjo hutolewa kwa sindano kadhaa katika siku zilizopangwa, na kidonda kibaya huhitaji pia dawa nyingine idungwayo mahali penyewe palipoumwa. Zahanati ndogo mara nyingine hazina chanjo hiyo, kwa hiyo ni vyema kuuliza kwanza kwa simu katika hospitali kubwa ya kaunti kuliko kuipoteza siku nzima njiani.

Tatu, sindano zote zimalizwe. Hapa likizo na muhula hugongana, kwa maana sindano ya kwanza hudungwa nyumbani, na zile za baadaye huangukia siku ambazo mtoto yuko shuleni. Yapasa tarehe ziandikwe katika karatasi, na karatasi hiyo mwalimu mkuu au muuguzi wa shule apewe mkononi. Isitiwe ndani ya sanduku chini ya viatu, ambako hapana atakayeiona.

Nne, mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama, apewe chakula na maji, atazamwe kwa siku kumi, na afisa wa mifugo apewe habari. Akiwa mzima baada ya siku hizo, ni dhahiri kwamba mate yake hayakuwa na ugonjwa siku ile alipouma. Akifa, akitoroka au akigeuka tabia, hospitali ielezwe upesi. Lakini mtoto asingojeshwe mpaka siku hizo kumi zitimie. Sindano zianze huku mbwa akitazamwa. Na mbwa aliyekufa asivunjwe kichwa, kwa kuwa wataalamu huupima ubongo wake. Wala mtu asimshike kwa mikono mitupu.

Kwamba sindano huokoa, hapana shaka. Mwezi wa Julai mwaka wa 1885, Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace, aliumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa. Mama yake hakungoja. Siku mbili baadaye, tarehe 6, alikuwa amemfikisha Paris mbele ya mtaalamu Louis Pasteur, ambaye chanjo yake ilikuwa bado mpya. Mtoto huyo aliishi, akawa mtu mzima, na baadaye akawa bawabu katika taasisi yenye jina la Pasteur. Laiti kidonda kingalifichwa, elimu ya Pasteur isingalimfaa kitu.

KAZI YA MWISHO YA LIKIZO

Lililo bora zaidi ni mbwa mwenyewe asiupate ugonjwa. Wataalamu wamegundua kwamba mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wakichanjwa, na chanjo ikarudiwa ipasavyo, ugonjwa hukosa njia ya kupita, mwishowe ukakoma. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030, na kaunti zilizochaguliwa kuanza nazo ni Makueni, Machakos, Kitui, Siaya na Kisumu. Kazi za mifugo ziko mikononi mwa serikali za kaunti tangu mwaka wa 2013, na katika sehemu nyingi mbwa huchanjwa kwa wingi karibu na tarehe 28 Septemba, iliyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tarehe hiyo ndiyo aliyofariki Pasteur mwaka wa 1895.

Lakini pana kizuizi kimoja ambacho afisa wa kaunti hawezi kukiondoa peke yake. Mbwa wengi wa mashambani hawajapata kushikwa na mtu. Hulala nje, hubweka usiku, hula makombo. Siku ya chanjo ikifika, mwenyewe hawezi kumtia kamba, na mbwa hukimbilia mahindini. Hapo mjukuu aweza kufanya kazi ambayo watu wazima wa nyumbani hawana nafasi ya kuifanya. Mtoto ampaye mbwa chakula kwa wakati ule ule kila siku aweza kumzoeza kamba shingoni, kwanza kwa dakika chache wakati wa kula, kisha kwa kutembea mpaka langoni, kisha mpaka njia kuu. Babu awe karibu daima. Siku zikikaribia kwisha, babu mwenyewe aishike kamba na mtoto atembee kando, ili mbwa auzoee mkono utakaobaki nyumbani. Septemba ikifika, mbwa atakwenda kuchanjwa bila kuburutwa, na mtoto atapelekewa habari.

Katika kazi hiyo mtoto afunzwe kanuni chache, na azijue kwa moyo. Mbwa anayekula asiguswe, anayelala asishtuliwe, mwenye watoto asisogelewe. Mbwa asiyejulikana asipapaswe, hata akitikisa mkia. Mbwa akija mbio, mtoto asikimbie wala asipige kelele, bali asimame wima kama mti, mikono imeshuka, macho yameelekea chini, mpaka mbwa achoke na kwenda zake. Akishika mnyama yeyote, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kanuni hizi hazipunguzi furaha hata kidogo. Mtoto azijuaye hucheza kwa amani, na mbwa huishi kwa amani.

Asubuhi ya safari pawe na makabidhiano. Mtoto ampitishe babu kwa kila mnyama aliyekuwa akimtunza, amweleze sungura hupenda majani gani, kuku yupi hutaga vichakani, na mbwa hula saa ngapi. Babu ayajua hayo yote tangu zamani, lakini asikilize kama asiyejua, na aulize swali moja au mawili. Mtoto aondokaye hivyo haondoki kama mgeni aliyekwisha kufukuzwa na kalenda, bali kama mwenye mali aliyeacha msimamizi. Likizo ya Disemba itamkuta vifaranga wa Agosti wamekuwa matembe na majogoo machanga, mtoto wa mbuzi anarukaruka, na mbwa mwenye kadi ya chanjo akimngoja njiani.

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Katika siku hizi za mwisho wa likizo neno lenyewe ni dogo, nalo ni kumtazama mtoto mguu wake kabla hajavaa soksi za shule, na kumwuliza kwa sauti ambayo haitamtia hofu.